Draisaitl na dola milioni 14 kwa msimu: Edmonton wamelipa kupita kiasi?

Msomaji mmoja anayeishi Edmonton, Kanada, ametuandikia: "Nilianza kufuatilia hoki ya barafu baada ya kuhamia huku. Kazini ubishi hauishi. Leon Draisaitl wa Oilers analipwa dola milioni 14 kwa mwaka kwa miaka minane, mpaka awe na miaka 37. Wengine wanasema klabu imeibiwa, wengine wanasema ni bei ya kutupa. Nani yuko sahihi? Na mtu asiye mtaalamu anawezaje kuipiga hesabu hiyo mwenyewe?"

Ndugu msomaji, wanaosema ni bei ya kutupa wametia chumvi, ila wako karibu zaidi na ukweli kuliko hao wengine. Kwa hesabu zangu, Oilers watapata faida katika misimu mitano ya mwanzo, watakula hasara katika mitatu ya mwisho, na ukijumlisha yote klabu inabaki na faida kidogo. Kinachoweza kuuharibu mkataba huu si ile milioni 14 yenyewe. Ni mikataba mingine iliyouzunguka, pamoja na jambo moja litakaloamuliwa kiangazi cha 2028, ambalo nitalifikia.

Kwanza, weka pembeni mazoea ya soka. Katika soka la Ulaya, mshahara wa nyota ni shida ya mwenye klabu: akiwa na hela za kumwaga, analipa, na kesho ananunua mwingine. NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, haiendi hivyo. Tangu msimu wa 2005-06, baada ya mgogoro uliofuta msimu mzima wa 2004-05, kila klabu ina kikomo cha mishahara ambacho haiwezi kukivuka, hata kama mmiliki wake ni bilionea. Kwa hiyo kila dola aliyopewa Draisaitl ni dola ambayo hakuna mchezaji mwingine wa Oilers anaweza kupewa. Swali la kuuliza ni moja: amechukua sehemu gani ya fungu, na sehemu hiyo ingenunua nini kwingine?

Kinachohesabiwa kwenye kikomo ni wastani wa mkataba, si fedha anazopokea mwaka husika. Mkataba wa Draisaitl, uliosainiwa tarehe 3 Septemba 2024, ni wa dola milioni 112 kwa misimu minane, kuanzia 2025-26 hadi 2032-33. Gawanya kwa nane, unapata 14. Namba hiyo haibadiliki mwaka hadi mwaka. Kinachobadilika ni kikomo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu.

Siku anasaini, kikomo kilikuwa dola milioni 88. Milioni 14 katika 88 ni asilimia 15.9, na ndiyo maana wengi walishtuka. Lakini mkataba wenyewe haukuanza kuhesabiwa msimu huo. Mwishoni mwa Januari 2025 ligi na chama cha wachezaji walitangaza vikomo vya misimu mitatu iliyofuata: milioni 95.5 kwa 2025-26, milioni 104 kwa 2026-27, na milioni 113.5 kwa 2027-28. Sasa piga tena: asilimia 14.7 msimu wa kwanza, 13.5 wa pili, 12.3 wa tatu. Mshahara ni uleule, mchezaji ni yuleyule, ila mzigo unazidi kupungua.

Kumbuka pia kwamba sheria za ligi zinamruhusu mchezaji mmoja kuchukua hadi asilimia 20 ya kikomo cha wakati wa kusaini. Kwa kikomo cha 88, Draisaitl angeweza kudai hadi milioni 17.6. Hakuchukua hata karibu na hapo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Septemba 2025, Kirill Kaprizov wa Minnesota alisaini miaka minane kwa milioni 17 kwa msimu, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi. Huo unaanza 2026-27, kikomo kikiwa 104, sawa na asilimia 16.3. Draisaitl angelipwa kwa uwiano huo katika msimu wake wa kwanza, angechukua milioni 15.6. Hiyo milioni 1.6 kwa msimu ni mshahara wa mchezaji mzima wa safu ya tatu, kati ya zile nne zinazopokezana uwanjani.

Kuna mfano wa zamani ambao mashabiki wa Edmonton wanapaswa kuujua, kwa sababu aliyeutengeneza ndiye huyuhuyu. Meneja mkuu wa Oilers, Stan Bowman, aliingia kazini Julai 2024 na mkataba wa Draisaitl ni wake. Kabla ya hapo alikuwa Chicago, na mwaka 2014 aliwasainisha Patrick Kane na Jonathan Toews kwa miaka minane, milioni 10.5 kila mmoja. Mikataba hiyo ilianza 2015-16, kikomo kikiwa milioni 71.4. Piga hesabu: asilimia 14.7. Ni sehemu ileile ya fungu anayochukua Draisaitl katika msimu wake wa kwanza.

Nini kilitokea Chicago? Walikuwa wametoka kubeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, mwaka 2015, la tatu ndani ya misimu sita. Kiangazi hichohicho walilazimika kuwaachia Brandon Saad na Patrick Sharp kwa sababu ya kikomo. Mwaka uliofuata wakamtoa Teuvo Teräväinen, kijana mwenye kipaji, ili klabu nyingine ikubali kuwapunguzia mzigo wa mkataba wa Bryan Bickell. Walitolewa raundi ya kwanza 2016, wakatolewa tena raundi ya kwanza 2017, na 2018 hawakufuzu kabisa. Kane hakushuka, alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2016. Chicago waliangushwa na kikomo kilichopanda polepole, kisha janga la korona likakigandisha kwenye milioni 81.5 kwa misimu mitatu mfululizo. Hadi msimu wa nane wa mikataba ile, 2022-23, kila mmoja wao bado alikuwa amekalia asilimia 12.7 ya fungu. Draisaitl atakuwa ameshuka chini ya hapo katika msimu wake wa tatu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hadithi hizi mbili, na haihusiani na ubora wa mtu yeyote uwanjani.

Sasa tuje uwanjani. Msimu wa 2024-25, wa mwisho chini ya mkataba wake wa zamani, Draisaitl alifunga mabao 52 katika mechi 71, akaongoza ligi nzima kwa mabao, na kwa jumla alipata pointi 106 (bao ni pointi moja, asisti pointi moja). Katika mtoano wa 2025 akaongeza pointi 33 katika mechi 22, yakiwemo mabao manne ya muda wa nyongeza, ambayo ni rekodi ya mtoano mmoja. Hakuna anayebisha kwamba ni mkali. Wenye kununua mchezaji, hata hivyo, hawanunui pointi za jana. Wanauliza pointi hizo zimetokana na nini, na kama chanzo chake kitadumu.

Kwanza wanatazama pawaplei, yaani zile dakika ambapo mpinzani mmoja ametolewa nje kwa kosa na mnacheza watano kwa wanne. Pointi za pawaplei ni rahisi zaidi kupatikana, na zinategemea sana wenzako. Hapa kulikuwa na sababu ya kusita. Msimu wa 2022-23 Draisaitl alifunga 52, lakini 32 kati ya hayo yalikuwa ya pawaplei, katika timu ambayo pawaplei yake ilifunga asilimia 32.4 ya nafasi zake, rekodi ya ligi. Mtu mwangalifu angesema: huyu anabebwa na mfumo. Msimu wa 2024-25 sura ikageuka, na sehemu kubwa ya mabao yake 52 ilikuja wachezaji wakiwa sawa kwa sawa. Hilo ndilo lililonifanya niutazame mkataba kwa jicho la wema zaidi kuliko siku uliposainiwa.

Jambo la pili ni usahihi wa mashuti. Kwa kawaida mchezaji anayefunga mashuti 18 kati ya 100 unamkwepa, kwa sababu wastani wa ligi ni kama 10, na bahati ya msimu mmoja huisha msimu unaofuata. Draisaitl amekuwa akifunga karibu na 18 kwa taaluma yake nzima. Ukiona kitu hicho msimu baada ya msimu, si bahati tena. Mtazame kwenye pawaplei: hasimami katikati ya uwanja kama wapigaji wengi. Anateremka upande wa kulia, chini kabisa, karibu na mstari wa goli, mahali ambapo kipa anaamini pembe imekufa. Yeye hushika fimbo kwa kushoto, kwa hiyo kisahani (ndicho mpira wa hoki) kinapotoka upande wa pili anakipiga moja kwa moja bila kukituliza, wakati kipa bado anateleza kuvuka goli. Shuti hilo halihitaji kasi ya miguu. Linahitaji mikono, kusoma mchezo, na kifua cha kuwazuia mabeki, na hivyo ni vitu vinavyozeeka polepole.

Tatu ni nani anacheza naye. Swali linaloulizwa kila siku ni kama Draisaitl ni kivuli cha Connor McDavid, nyota mwenzake wa Oilers. Si kweli kwamba anamtegemea kwa kila kitu, kwani kwa muda mwingi kila mmoja huongoza safu yake, na Draisaitl hucheza kama dakika 21 au 22 kwa mechi. Lakini wapinzani wana jozi moja tu ya mabeki bora, na ikipelekwa kwa McDavid, Draisaitl anakutana na jozi ya pili. Faida hiyo haionekani kwenye karatasi ya takwimu. Itaonekana siku itakapokosekana.

Sasa hesabu uliyoomba. Ni ya mkono, utaifanya kwa simu tu, na inatosha kumaliza ubishi wa kazini.

Anza na mchezaji wa kima cha chini, yule ambaye klabu yoyote inaweza kumpandisha kutoka ligi ya chini kwa mshahara mdogo kuliko wote. Msimu wa 2025-26 kima hicho ni dola 775,000. Kikosi ni wachezaji 23, kwa hiyo timu nzima ya watu wa aina hiyo ingegharimu milioni 17.8. Ondoa kwenye kikomo cha 95.5 unabakiwa na milioni 77.7. Hiyo ndiyo fedha halisi ya kununulia ubora. Nyingine yote ni ya kujaza viti.

Kisha kadiria timu hiyo ya wachezaji wa kujaza viti ingekuwa mbovu kiasi gani. Mimi nachukua kwamba ingefungwa mabao 100 zaidi ya inayofunga kwa msimu wa mechi 82. Ukipenda weka 90 au 110: kwa 110 faida ya jumla utakayoiona mbele inayeyuka, ila misimu mitano ya mwanzo bado ina faida. Timu ya wastani inafunga sawa na inavyofungwa, maana yake inatumia milioni 77.7 kununua tofauti ya mabao 100. Bei ya bao moja la ziada basi ni kama dola 777,000. Na kwa kanuni inayotumika sana kwenye hoki, mabao sita ya ziada ni ushindi mmoja, yaani pointi mbili kwenye msimamo.

Draisaitl anamzidi mchezaji wa kima cha chini kwa milioni 13.2 za mshahara. Gawanya kwa bei ya bao, unapata 17. Akiiongezea timu mabao 17 kwa msimu kuliko angeongeza yule wa kujaza kiti, ameirudisha fedha yake. Angalia usichanganye: si mabao 17 ya kufunga mwenyewe. Ni tofauti anayoleta kwa jumla, mabao na asisti na ulinzi, baada ya kutoa ambayo wenzake wangepata hata bila yeye. Kwa nyota wa kiwango chake leo mimi nachukua 20. Kwa hiyo msimu wa kwanza ana faida ya mabao matatu, nusu ya ushindi mmoja. Unaona kwamba si faida ya kutisha, na ndiyo maana nimesema wanaodai ni bei ya kutupa wametia chumvi.

Lakini endelea mbele. Kikomo kikiwa 104 na kima cha chini kikipanda hadi dola 850,000 kwa mkataba mpya wa ligi na chama cha wachezaji, anahitaji kuleta 15.6 tu. Kikomo kikiwa 113.5 na kima cha chini 900,000, anahitaji 14. Baada ya hapo hakuna kikomo kilichotangazwa, kwa hiyo nimekipandisha kwa asilimia 3 kwa mwaka, ambayo ni tahadhari ya kutosha. Kwa njia hiyo, msimu wa mwisho, 2032-33, atahitaji mabao 12.

Sasa mzeeshe. Washambuliaji wengi huwa kileleni kati ya miaka 24 na 28, hushuka taratibu mpaka 31 au 32, kisha mteremko unakuwa mkali. Draisaitl alizaliwa Oktoba 1995, kwa hiyo alitimiza miaka 30 mwanzoni kabisa mwa mkataba. Mpe 20, 20, 19, 17, 15, halafu 12, 10 na 8. Linganisha na anachohitaji kila mwaka: misimu mitano ya mwanzo inaingiza faida ya mabao kama 17, mitatu ya mwisho inapoteza kama 7. Tofauti ni mabao 10 ya faida kwa miaka minane. Sasa ngoja niivunje hesabu hiyo mwenyewe: msimu wa tatu akianza kushuka kwa kasi, akatoa 14, 12, 10, 8, 6 na kuendelea chini, faida yote imeyeyuka kabla hajatimiza miaka 36.

Je, jambo kama hilo hutokea? Hutokea. Jamie Benn wa Dallas aliongoza ligi kwa pointi 87 mwaka 2015, naye ni mshambuliaji mkubwa wa mwili. Mkataba wake wa milioni 9.5 kwa miaka minane ulianza 2017-18, akiwa na miaka 28. Kufikia 2018-19 alikuwa na pointi 53, na msimu uliofuata 39. Jonathan Huberdeau ni kisa kibaya zaidi: pointi 115 akiwa Florida msimu wa 2021-22, akahamishiwa Calgary, akapewa miaka minane kwa milioni 10.5 kabla hajacheza mechi hata moja pale, na msimu wake wa kwanza akapata 55. Kosa la Calgary lilikuwa kununua msimu mmoja wa kilele, tena wa mtu ambaye pointi 85 kati ya 115 zilikuwa asisti. Asisti zinahitaji mtu wa kumalizia, na ukihamia timu nyingine, mmaliziaji haji nawe. Draisaitl hana kasoro hiyo. Alipandisha pointi zake kuvuka 100 mara nyingi, katika timu ileile, chini ya makocha mbalimbali. Upande wa pili yupo Sidney Crosby, aliyepata pointi 91 msimu wa 2024-25 akiwa na miaka 37, umri uleule ambao Draisaitl atamalizia. Ila usimtumie Crosby kama kipimo cha mtu mwingine, huyo ni wa peke yake.

Wenye kubisha watakupa pia hoja ya Mikko Rantanen, aliyesaini Dallas Machi 2025 kwa milioni 12, na Mitch Marner, aliyekwenda Vegas kiangazi cha mwaka huohuo kwa milioni 12. Kwa nini Edmonton walipe mbili zaidi? Jibu moja ni kodi. Mwenye kipato cha juu Alberta hukatwa asilimia 48 kwenye sehemu ya juu ya mapato yake, serikali kuu na jimbo kwa pamoja. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kuna ya shirikisho tu, asilimia 37 kwenye ngazi ya juu. Kwa hesabu ya haraka, milioni 14 za Edmonton zinabaki 7.3, na milioni 12 za Dallas zinabaki 7.6. Hesabu kamili ina mambo mengi zaidi, kuanzia kodi za mechi za ugenini hadi namna bonasi zinavyotozwa, lakini picha ni hiyo: klabu ya Alberta inaanza mazungumzo ikiwa nyuma. Tena mishahara yote ya NHL hulipwa kwa dola za Marekani, wakati Oilers wanauza tiketi kwa dola za Kanada. Dola moja ya Marekani ikiwa 1.37 ya Kanada, milioni 14 zinakuwa zaidi ya milioni 19 kwenye daftari la mhasibu. Hilo halihusu kikomo, lakini mmiliki analijua.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni jinsi mkataba ulivyosukwa ndani. Mikataba ya nyota wa kiwango hiki hujazwa bonasi za kusaini zinazolipwa kiangazi, huku mshahara wenyewe ukibaki mdogo. Mchezaji anapenda hivyo kwa sababu bonasi hulipwa hata ligi ikisimama kwa mgogoro. Kwa klabu maana yake ni nyingine: ukitaka kuvunja mkataba wa mchezaji aliyefikisha miaka 26, unalipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ukisambazwa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Kanuni hiyo inagusa mshahara tu. Bonasi zinabaki zote, kwenye vitabu na kwenye kikomo. Hivyo mkataba uliojaa bonasi hauvunjiki kwa faida yoyote. Njia zilizobaki ni kumhamisha, klabu ikibeba hadi nusu ya mshahara wake, ambapo ridhaa yake mwenyewe huhitajika kama ana kifungu cha kutohamishwa. Au, akiumia kwa muda mrefu, kutumia nafuu ambayo ligi hutoa kwenye kikomo kwa majeruhi. Hasara ya misimu ya mwisho, ikija, Oilers wataibeba wenyewe.

Sasa niseme panapouma kweli. Msimu wa 2025-26 Oilers wana Draisaitl kwa 14, McDavid 12.5, Evan Bouchard 10.5 na Darnell Nurse 9.25. Wanne hao wanachukua milioni 46.25, karibu asilimia 48 ya kikomo. Ongeza Zach Hyman kwa 5.5 na Ryan Nugent-Hopkins kwa 5.125, umefika karibu 56.9. Zinabaki milioni 38.6 kwa wachezaji 17, makipa wakiwemo: wastani wa milioni 2.3. Katika orodha hiyo mkataba ninaoulalamikia ni wa Nurse. Ni beki mzuri, lakini kwa milioni 9.25 unatarajia beki wa kubeba timu, naye si huyo. Shabiki anayemlaumu Draisaitl kwa ufinyu wa kikosi anamlaumu mtu asiye na hatia.

Na ufinyu huo si wa kufikirika. Agosti 2024 St. Louis waliwatupia vijana wawili wa Oilers ofa za mshahara, na Edmonton walikuwa na siku saba za kuwalipa kiasi hichohicho au kuwaachia: Philip Broberg kama milioni 4.6, na Dylan Holloway kama milioni 2.3. Walishindwa, wakapokea kama fidia chaguo za drafti (haki ya kuchagua wachezaji vijana) za raundi ya pili na ya tatu. Holloway akamaliza msimu huo akiwa na mabao 26 na pointi 63. Mchezaji wa pointi 63 kwa milioni 2.3 ndiye anayeifanya milioni 14 ya nyota ibebeke, kwa sababu kwa bei ya bao tuliyoipiga, kijana huyo anarudisha gharama yake mara kadhaa. Oilers wamefika fainali mbili mfululizo, 2024 na 2025, na zote wakafungwa na Florida, timu yenye kina cha safu nne. Kosa, kama lipo, liko hapo.

Nimekuahidi kiangazi cha 2028. Oktoba 2025 McDavid aliongeza mkataba kwa miaka miwili tu, kwa kiwango kilekile cha milioni 12.5, kuanzia 2026-27. Ni punguzo kubwa, kwani kwa kikomo cha 104 ni asilimia 12 tu. Lakini pia ni onyo: mwisho wa msimu wa 2027-28 yuko huru kuondoka. Siku hiyo Draisaitl atakuwa na miaka 32 na misimu mitano mbele yake. McDavid akibaki, atadai mshahara wa kikomo kipya, ila Draisaitl wa asilimia 12 au chini bado atakuwa na kazi ya kufanya kwenye timu inayowania kombe. Akiondoka, jozi bora ya mabeki ya kila mpinzani inamgeukia Draisaitl, umri ukiwa umeanza kumla, na klabu italazimika kuchagua kati ya kujenga upya huku ikilipa milioni 14, au kumwomba akubali kuhamia kwingine. Mpe 13 badala ya 17 kwenye hesabu yetu ya msimu wa nne, halafu endelea kushuka kutoka hapo, uone faida inavyogeuka hasara.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, namba za mikataba zipo wazi kwenye tovuti ya PuckPedia, kwa sababu tovuti iliyozoeleka, CapFriendly, ilinunuliwa na Washington Capitals mwaka 2024 na kufungwa kwa umma. Kila Januari tazama vitu vitatu: mabao yake ya sawa kwa sawa, si ya pawaplei, mashuti anayopiga kwa mechi, kwa maana mshambuliaji anayezeeka huanza kupunguza mashuti kabla mabao hayajapungua, na dakika anazopewa na kocha timu ikiwa mbele kwa bao moja. Mashuti yakishuka misimu miwili mfululizo, rudi kwenye hesabu yetu ya mabao uianze upya.